MAPATANO YATANGULIE MASHINI



Katika mikutano ya matawi swali moja limekuwa likirudi tena na tena: chama chasema nini juu ya mashini za stima za kuinulia mizigo? Wako wanaouliza kwa furaha, maana wamechoshwa na moshi wa dizeli. Wako wanaouliza kwa hofu, maana wanaona kazi yao ikichukuliwa. Wote wana haki ya kuuliza, na yapasa wajibiwe. Leo twatoa jibu letu. Twaomba kila mwanachama alisome, na asiyejua kusoma asomewe na mwenzake, kisha lizungumzwe tawini.

Jibu lenyewe kwa ufupi ni hili. Chama hakiikatai mashini. Chama chakataa mashini ipitishwe langoni kabla mapatano hayajaandikwa na kutiwa sahihi. Sasa tutaeleza kwa nini.

MASHINI YENYEWE NI IPI

Foklifti ya kawaida wote twaijua. Ina meno mawili mbele, huinua mzigo juu na kuuteremsha. Mashini tunayoizungumzia leo ni ndugu yake mkubwa. Ina mkono mmoja mrefu ambao hutoka ndani ya mkono mwingine, kama vile eriali ya redio inavyovutwa. Kwa hiyo haiinui mzigo juu tu, bali huupeleka na mbele pia: kuvuka ukuta, kufika juu ya lori, au kuingia mpaka katikati ya rundo la magunia. Wauzaji huiita telehendela. Sisi twaweza kuiita foklifti ya mkono mrefu.

Kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuuza ya kwake mwaka wa 1977, na mashini za namna hii zimeenea sana kwa kuwa moja hufanya kazi za mahali pengi. Kwenye ujenzi hupandisha mawe na simiti. Shambani hupanga majani makavu ya ng'ombe na kupakia mbolea. Ghalani hupakua malori. Kwa miaka mingi zilitumia dizeli. Sasa zatengenezwa za betri. JCB wana moja iitwayo 525-60E, ambayo huinua kilo 2,500 na kufika juu mita 6, nayo betri yake ni ya kilowati-saa 24. Kampuni ya Manitou ya Ufaransa, na Merlo na Faresin za Italia, nazo zina za kwao.

Foklifti ndogo za betri si jambo geni katika magodauni. Jambo geni ni kwamba betri sasa yatoka ndani ya godauni na kwenda nje, kwenye matope ya ujenzi na ya shamba, mahali ambapo kila mtu alidhani kwamba ni dizeli peke yake iwezayo kufanya kazi.

Tufanye hesabu kidogo. Mfuko wa simiti ni kilo 50. Kilo 2,500 ni mifuko 50. Basi mtu mmoja aliyekaa kitini aweza kupandisha mifuko 50 kwa mara moja, na wakati huo kibarua mwenye mfuko mmoja begani bado yuko njiani kwenye ngazi. Hesabu hii ni ileile, mashini ikiwa ya dizeli au ya stima. Lakini stima inaleta mambo mengine ambayo dizeli haikuyaleta, na ndiyo tutakayoyaeleza hapa chini.

KWA NINI ZINAKUJA

Mwajiri hanunui mashini kwa kuyahurumia mapafu yetu. Hununua akiona hesabu yake inamfaa. Huko Uingereza, serikali iliwaondolea wajenzi nafuu ya kodi ya dizeli tarehe 1 Aprili 2022, ingawa wakulima waliachiwa yao. Tangu siku hiyo mjenzi alipoangalia bei ya mafuta alianza kuitazama betri kwa jicho lingine. Huko Norwei, mji wa Oslo uliagiza kwamba tangu mwaka wa 2025 kazi za ujenzi za halmashauri ya mji zifanywe kwa mashini zisizotoa moshi. Serikali na miji ikiagiza hivyo, wenye viwanda hutengeneza, na wakishatengeneza hutafuta wanunuzi dunia nzima.

Hapa Kenya pia sababu zipo. Dizeli twainunua ng'ambo kwa dola, lakini sehemu kubwa ya stima yetu yatoka katika nchi yetu wenyewe: katika mvuke wa Olkaria, katika maji ya mto Tana, katika upepo wa Loiyangalani. Mwezi wa Desemba 2017 wenye viwanda na biashara kubwa walianza kupewa bei nafuu kwa stima ya usiku. Na wale wanaonunua maua na mboga zetu huko Ulaya huwauliza wenye mashamba habari za moshi. Kwa hiyo tusijidanganye. Mashini hizi zitakuja, na kelele peke yake haiwezi kuzizuia.

FAIDA TWAZIKUBALI

Mtu mwenye haki husema na mema pia. Mwezi wa Juni 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Wenzetu wanaopakia ndani ya magodauni yenye milango miwili tu, wakivuta moshi huo tangu asubuhi mpaka jioni, hawakungoja wataalamu wawaambie. Huona rangi yake katika kitambaa cha kupangusia pua. Mashini ya betri haitoi moshi huo. Hii ni faida, nasi twaipokea.

Tena iko faida ya mgongo. Mwaka wa 1967 Shirika la Kazi la Dunia lilitoa shauri kwamba mzigo abebao mwanamume mzima usizidi kilo 55. Gunia la mahindi lililozoeleka katika nchi hii ni la kilo 90. Wako wazee katika chama chetu ambao hawawezi kuinama kufunga kamba za viatu kwa sababu ya magunia hayo. Tukisema mashini isije kamwe, twasema watoto wao nao wabebe. Hatutasema hivyo.

Basi ugomvi wetu si na mashini. Swali letu kwa mabwana waajiri ni hili: faida ya mashini mtaigawa namna gani, na hasara yake ataibeba nani?

KIBARUA HAFUKUZWI, HAITWI TU

Mashini ikiingia, wa kwanza kuumia ni kibarua. Wala hataumia kwa kelele. Hapana barua atakayoandikiwa. Hapana mkutano utakaofanywa. Asubuhi mnyapara atasimama langoni kama kawaida, na pale alipokuwa akichagua watu ishirini atachagua sita. Waliobaki wataambiwa warudi kesho. Kesho watachaguliwa watano. Baada ya miezi mitatu ukimwuliza meneja ni watu wangapi walioachishwa kazi kwa sababu ya mashini, atakujibu kwamba hakuachishwa hata mmoja. Na kwa vitabu vyake atakuwa amesema kweli.

Hapa ndipo sheria isaidiapo wale walioiandaa mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi imekwisha, ni lazima akiarifu chama na Afisa wa Kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na idadi ya watu. Ni lazima awachague kwa haki, akiangalia muda wa utumishi, ufundi na uaminifu wa kila mtu. Ni lazima awape notisi ya mwezi au mshahara wake, awalipe livu yao iliyobaki, na awape malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima waliofanya kazi.

Lakini haya yote humfaa yule anayehesabiwa kuwa mfanyi kazi wa kampuni. Kibarua huambiwa kwamba yeye ni mtu wa siku moja, hata kama siku hiyo moja imedumu miaka sita. Wengi hawajui kwamba kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo chasema vingine. Kibarua akifanya kazi siku za mfululizo ambazo jumla yake yatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitegemewi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria yamhesabu kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, awe ana barua au hana. Lakini ni lazima aweze kuthibitisha. Kitabu cha langoni kiko mkononi mwa mwajiri, na mashini ikishaingia kitabu hicho hupotea upesi sana.

Kwa hiyo twawaambia mashopstiwadi wote: orodha ya vibarua iandikwe sasa. Jina, namba ya kitambulisho, mwezi alioanza, na siku alizofanya kazi. Aliyelipwa kwa simu aonyeshe ujumbe wake wa malipo, maana huo una tarehe na ni ushahidi mzuri. Kuandika orodha baada ya mashini kufika ni kama kufunga zizi wakati ng'ombe wamekwisha kwenda.

Na hapa twataka kusema neno kwa wanachama wetu wenye barua za kazi. Wako wanaosema kwamba mambo ya vibarua si yetu, kwa kuwa hawalipi ada ya chama. Je, nani aliyewaomba waingie? Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyi kazi haki ya kujiunga na chama. Haisemi kila mfanyi kazi mwenye barua. Mwajiri akiona kwamba twawaacha watu kumi na wanne waende nyumbani bila neno, atajua kwamba sisi sita tuliobaki nasi hatutakuwa na nguvu siku yetu ikifika.

DEREVA NA SAA ZA KUCHAJI

Yule atakayepanda kitini naye asifurahi upesi. Jambo la kwanza ni cheo. Mashini ya mkono mrefu si foklifti ya kawaida. Mzigo ulio salama mkono ukiwa mfupi, mzigo huohuo huweza kuipindua mashini mkono ukirefushwa. Ndani ya kibanda cha dereva huwekwa chati inayoonyesha ni kilo ngapi ziwezazo kuinuliwa kwa kila urefu wa mkono. Mtu anayeisoma chati hiyo na kushika maisha ya wenzake mkononi mwake ni fundi, na yapasa alipwe kama fundi. Tusikubali mtu apewe ufunguo leo, afundishwe nusu saa, kisha aendelee kulipwa mshahara wa mpakiaji.

Jambo la pili ni saa. Mashini ya dizeli hujazwa mafuta kwa dakika chache. Mashini ya betri ni lazima ichajiwe. Betri za risasi huchukua saa nyingi, kwa kawaida usiku mzima. Betri za lithiamu huweza kuchajiwa kidogo kidogo, wakati wa chai na wakati wa chakula cha mchana. Basi twauliza: betri ikiisha saa nane mchana, dereva atalipwa saa zilizobaki au ataambiwa arudi nyumbani? Na ikiwa mashini inachajiwa wakati wa chakula, nani anayeichomeka na kuichomoa? Akiwa ni dereva, basi hakupumzika. Mapumziko yake yamekuwa kazi bila malipo.

Tena bei ya stima ni nafuu usiku. Mwajiri atataka kuchaji usiku, na mtu aliye karibu usiku ni askari wa lango. Wasimkabidhi askari kazi ya kuchaji bila mafunzo wala nyongeza. Kazi ya kuchaji ni kazi. Iandikwe ni ya nani, na ilipwe.

Jambo la tatu ni macho ya mashini. Mashini nyingi za siku hizi zina chombo kinachoandika kila kitu: iliwashwa saa ngapi, ilisimama dakika ngapi, iliinua mara ngapi, na nani aliyekuwa kitini. Habari hizo hupelekwa kwa njia ya simu mpaka ofisini. Dereva akisimama dakika tano kumpisha mama aliyebeba karai, kitabu cha chombo kitaandika dakika tano za uvivu. Hatukatai chombo kutumiwa kwa matengenezo. Twakataa kitumiwe kumwandikia mtu barua ya onyo bila yeye kuonyeshwa kilichoandikwa na bila chama kuwapo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwaje, na haki ya kuziona. Tuitumie.

Na akina mama wasisahauliwe. Katika mashamba ya maua na katika magodauni ya kupakia, wao ndio wengi. Siku zote waliambiwa kwamba kazi ya mizigo yataka nguvu za kiume. Haya, sasa nguvu ni ya betri. Mafunzo yakija, nao waandikwe sawa na wanaume. Sheria ya Ajira yakataza ubaguzi wa namna hiyo katika mafunzo na katika kupandishwa cheo.

FUNDI WA DIZELI

Makanika aliyetumia miaka yake kujifunza injini ataona mbele yake mashini isiyo na injini. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, wala nozeli za kusafisha, wala bomba la moshi. Hubaki kazi ya haidroliki, breki, tairi na nyaya. Na kazi ya stima yenyewe, mwuzaji hupenda kumleta mtu wake na kompyuta yake, afunge mlango na kufanya peke yake. Fundi wetu akiachwa hivyo atageuzwa kuwa mtu wa kushika tochi.

Dawa yake ni mafunzo, na fedha za mafunzo zipo. Kila mwajiri hutakiwa kulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyi kazi katika mfuko wa mafunzo wa NITA, naye mwajiri aliyelipa huweza kuomba arudishiwe gharama za mafunzo. Kwa hiyo mtu asituambie mezani kwamba fedha hakuna. Mwajiri aliyepata mamilioni ya kununua mashini aweza kumpeleka fundi wake kufundishwa kabla mashini haijateremshwa kutoka kwenye lori.

HATARI MPYA

Mashini ya dizeli wewe huisikia kabla hujaiona. Ya stima huja kimya. Mtu aliyeinama akipanga mbao hatajua kwamba iko nyuma yake. Yapasa iwe na king'ora na taa, na njia ya mashini itengwe na njia ya watu kwa rangi au kwa kamba.

Mkono mrefu huweza kugusa nyaya za stima zilizo juu. Hii ni hatari ya kifo, nayo haina tofauti kama mashini ni ya dizeli au ya betri. Betri za risasi zikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikipata cheche, na maji yake ni asidi inayochoma ngozi na macho. Betri za lithiamu zikishika moto ni vigumu kuzizima, na zaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa zimezimika. Kwa hiyo mahali pa kuchaji pawe na hewa ya kutosha, pawe mbali na mlango ambao watu watautumia kukimbilia nje, na hapana ruhusa ya kuvuta sigara karibu napo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 yataka kila mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na ndani yake wawemo watu wa upande wa wafanyi kazi. Tawi lisilo na kamati hii lidai iundwe. Lenye kamati iliyolala liiamshe. Kamati iikague mashini kabla haijaanza kazi, wala isingoje mtu aumie.

Na liko jambo jingine la kuogopa. Mtu anaponunua kipya huuza kikuukuu. Ulaya ikiacha dizeli, mashini zake za zamani zenye moshi mwingi zitatafuta mnunuzi, na bei yake itawavutia wengine hapa kwetu. Hatutaki tupewe hasara za pande mbili, yaani watu wapunguzwe kwa sababu ya mashini, na waliobaki wavute moshi uliokataliwa na wengine.

WENGINE WALIFANYAJE

Tusidhani kwamba sisi ndio wa kwanza kupata shida hii. Mwaka wa 1960 chama cha makuli wa bandari za magharibi ya Marekani, chini ya Harry Bridges, kilifanya mapatano na waajiri juu ya mashini. Makuli walikubali mashini ziingie na vikundi vya watu vipunguzwe. Waajiri nao walikubali kutia dola milioni 5 kila mwaka katika mfuko, ili wazee wapumzike mapema wakiwa na kitu mkononi, na ili walioandikishwa wasitupwe nje kwa sababu ya mashini. Hayo yalikuwa mapatano makubwa. Waajiri waliilipa mashini mara mbili: mara moja kwa aliyeitengeneza, na mara nyingine kwa waliopungukiwa na kazi.

Lakini tusome na ukurasa wa pili. Mfuko ule ulikuwa wa makuli walioandikishwa kabisa. Wa daraja la chini na vibarua hawakupata. Baadaye waajiri walipewa nafasi ya kuchagua madereva wao wa kudumu wa mashini kubwa, na watu wa chama kimoja wakaanza kutazamana kwa wivu. Jambo hilo lilikuwa moja ya sababu za mgomo uliodumu siku 134 katika miaka ya 1971 na 1972. Basi tujifunze yote mawili. Mashini huweza kulipiwa, na mapatano yanayomwacha kibarua nje yana ufa tangu siku ya kwanza.

Hapa nyumbani twaikumbuka Kericho. Mashini za kuchuma chai zimekuwa sababu ya ugomvi kwa miaka mingi, na mwezi wa Mei 2023 watu walizichoma moto, na damu ikamwagika. Hatutawahukumu watu walioona mkate wa watoto wao ukikatwa na mashini. Twasema tu kwamba moto hauwezi kumrudisha mtu kazini, na mashini iliyochomwa huletwa nyingine. Wakati wa kusema ni ule ambao mashini bado iko dukani kwa mwuzaji. Hapo mwajiri bado ana haja ya kusikia. Akishalipa, hana haja tena.

MADAI YETU

Kwa hiyo chama kitaweka mambo haya mezani, kila mahali tulipo na haki ya kujadiliana:

Kwanza, mwajiri anayekusudia kuleta mashini akiarifu chama si chini ya miezi sita kabla, aseme ni mashini gani, ngapi, na kazi gani zitakazoguswa. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka wa 2007 yamtaka mwajiri atoe habari zote zinazohitajika kwa majadiliano. Hatuombi hisani.

Pili, vibarua wote waliotimiza masharti ya kifungu cha 37 waandikwe kuwa watu wa mwezi kabla ya mashini kufika, ili nao wahesabiwe.

Tatu, dereva, fundi na mchajiji watoke miongoni mwa watu waliopo, wanaume kwa wanawake, wafundishwe kwa gharama ya mwajiri na kwa saa za kazi, na wapewe cheti.

Nne, atakayeiendesha mashini ya mkono mrefu apewe cheo na mshahara wa fundi.

Tano, saa za kungoja betri zilipwe, saa ya chakula isiguswe, na kazi ya kuchaji iwe na mwenyewe na malipo yake.

Sita, habari zilizoandikwa na mashini zisitumiwe kumwadhibu mtu mpaka yeye na chama wazione.

Saba, chati ya mizigo na amri za hatari ziandikwe kwa Kiswahili, na zibandikwe mahali pa kusomeka.

Nane, ikiwa baada ya haya yote bado watu watapunguzwa, waanze wale wanaotaka kupumzika kwa hiari yao, na malipo yazidi zile siku 15 za sheria. Sheria yasema yasipungue hapo. Haisemi yasizidi.

KAZI YA MWEZI HUU

Madai bila watu nyuma yake ni karatasi. Waajiri wetu ni watu wa hesabu, na wataangalia kwanza tuko wangapi na tumejiandaa kiasi gani. Mwaka wa 1947 makuli wa Mombasa na wafanyi kazi wengine wa mji ule waliweka kazi chini pamoja, wenye kazi ya kudumu na vibarua, na baada yake serikali ya kikoloni iliichunguza mishahara yao. Mwaka wa 1955 makuli waligoma tena, na nyongeza ikapatikana. Mwaka wa 1962 vyama, waajiri na serikali walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani, na tangu hapo desturi ya kukaa mezani kabla ya ugomvi imekuwa desturi ya nchi hii. Hayo yote yalipatikana kwa watu kuhesabiana na kujuana kwanza.

Kwa hiyo kila tawi, kabla ya mwisho wa mwezi huu, lifanye mambo matatu. Liandike orodha ya vibarua kama tulivyoeleza. Limwulize meneja kwa barua, si kwa mdomo, kama ana nia ya kuleta mashini za mizigo katika mwaka ujao, na liweke nakala ya barua hiyo. Tena lichague watu wawili, mmoja dereva na mmoja mpakiaji, ambao watakaa pamoja na wajumbe wetu siku ya majadiliano. Twataka dereva na mpakiaji wakae upande mmoja wa meza, ili mwajiri asije akamwita mmoja pembeni.

Orodha na nakala za barua ziletwe ofisini au zipewe mwandishi wa tawi. Tawi ambalo halitaleta litatembelewa na wajumbe wa chama, nao watauliza kwa nini.